Della Bado Yuko Kwenye Treni

Tensta, Stockholm
14 Januari 2024

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Brigitha, na Mama, hasa Mama. Sisi huku hatujambo, baridi tu. Theluji imepanda mpaka dirisha la chumba cha kufulia, na juzi nilianguka nikienda kituoni, nikainuka haraka na kutazama pembeni kama vile aliyeanguka ni mwingine. Elise anakusalimu. Ana miaka kumi na tatu sasa na amenipita kimo. Akinikasirikia inabidi nitazame juu.

Naandika kwa mkono kwa sababu ulisema kwenye simu siku hizi unasikia upepo tu, na meseji huzipendi kwa kuwa hazina mkono wa mtu. Basi mkono wangu ndio huu. Usiusahihishe kwa kalamu nyekundu.

Jambo lenyewe ni hili: ninaandika kitabu. Usicheke. Ni hadithi ya watoto, iko Amerika, kusini kule Alabama, miaka ile ya sitini watu weusi walipokuwa wakidai haki zao. Kuna msichana, Della, anaishi na wazazi wake, mdogo wake Amosi, na bibi yao, Bibi Viola. Siku moja Della na wenzake wanaingia kwenye mkahawa ambao mtu mweusi haruhusiwi kuketi. Wanaketi. Wanaomba soda. Hawapewi, na kilichokuwa mezani wanamwagiwa kichwani. Jioni hiyo jiwe linapita dirishani kwao. Baba anaamua Della apelekwe kaskazini, Chicago, kwa shangazi yake, mpaka mambo yatulie. Bibi Viola anabaki barazani akimngoja. Nimefika hapo.

Wachapaji wadogo wa hapa Stockholm wamekubali kukitoa kwa Kiswahili na Kiswidi, kurasa zikitazamana, kwa ajili ya maktaba za shule. Wanataka mswada wote kabla ya Oktoba. Nakutumia sura tatu. Umefundisha Kiswahili maisha yako yote, kwa hiyo nionee huruma kidogo. Mama akipenda, msomee.

Mdogo wako,
Leokadia


Kamachumu
11 Februari 2024

Mdogo wangu Leokadia,

Marahaba. Hapa wote wazima, tunamshukuru Mungu. Migomba ya upande wa chini imeingiwa na mnyauko, tumeikata na kuichoma, na Brigitha alishinda kimya siku nzima utadhani tumezika. Kahawa imekubali kiasi. Nimekuwekea ya kutafuna, Mama ameichemsha mwenyewe na majani yake. Usimpe mtu asiyejua, atakwenda kuisaga.

Nimesoma sura zako. Kalamu nyekundu niliifungia kabatini, lakini nilikuwa naisikia inagonga mlango. Della anatoka shule, anampigia bibi yake magoti, ndipo anamwamkia na kungoja aulizwe habari za huko atokako. Leokadia, hiyo Alabama yako ina magoti ya Kamachumu. Na Bibi Viola pale barazani umesema anatafuna karanga. Mimi naona kabisa ni kahawa. Halafu kwa nini Amerika? Kwetu kumeisha hadithi?

Lakini imeniingia, siwezi kukuficha. Mama nilimsomea baada ya chakula, nikigeuza kwa Kihaya sentensi moja moja. Kwenye ule mkahawa alinisimamisha. Akauliza, "Walinyimwa soda tu?" Nikamwambia ndiyo, soda. Akasema enzi za Mwingereza alikwenda Bukoba mjini na mama yake kununua kitambaa, na duka moja likawauzia kupitia dirisha la nyuma, na kitambaa hawakuruhusiwa kukigusa mpaka wamelipa. Nimezeeka, nimemzika baba yangu, nina wajukuu, na habari hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema, "Hamkuniuliza. Endelea kusoma."

Anauliza Elise hajambo, na mtakuja lini. Anasema Pasaka ni nzuri kwa kuwa kila mtu yuko nyumbani. Mtoto huyo hajamwona tangu alipokuwa anabebwa mgongoni.

Kaka yako,
Cyprian


Tensta
17 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Pole na migomba, mpe pole zaidi wifi. Kahawa imefika na harufu yake imeingia mpaka kwenye makoti. Elise alitafuna moja, akaitema kwenye kiganja, akaniambia kwa Kiswidi kwamba ni chungu kama dawa. Jioni nikaona kipakiti kimehamia chumbani kwake.

Umeuliza kwa nini Amerika. Nilianza na Kamachumu, nikaandika kurasa mbili, nikafunga daftari. Nikiandika kwetu machozi yananitoka kabla sijafika kwenye jambo. Alabama sijawahi kukanyaga, kwa hiyo naweza kuitazama. Na watoto ninaowafundisha huku wanaijua. Shuleni wanasomeshwa habari za maandamano yale, wanajua kwamba kuna watu walikatazwa kuketi. Wanachokosa ni nyumba ile waliyotoka asubuhi na kurudi jioni, nani aliwapikia, nani alikaa macho akiwangoja. Ndiyo ninayowaandikia.

Pasaka haitawezekana. Nikuambie ukweli kwa nini. Mimi ni mwalimu wa lugha ya mama, manispaa inanilipa niwafundishe watoto wa wenzangu Kiswahili, hapa Tensta na kule Spånga. Sasa nimlete wangu mbele ya Mama asimame kama mlingoti, asijue hata kuamkia? Watu wa kwetu watasemaje? Nataka siku atakapovuka mlango wa Mama awe na salamu mdomoni, na magoti yake yajue pa kwenda. Anaendelea vizuri. Nipe mpaka Julai, shule zikifungwa.

Nimeambatanisha sura ya nne na ya tano. Ndani yake Della yuko Chicago na mambo ni magumu kidogo.

Leokadia


Kamachumu
28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa parokiani wiki nzima kwa sababu karani aliugua. Mvua za masika zimekamata, barabara ya kwenda Muleba imekuwa uji.

Siku hizi ninasomea chumbani kwa Mama. Sebuleni kuna baridi. Analala ubavu, mimi nakaa kwenye kile kiti cha kamba, na taa naiweka upande wa sikio langu zuri, sijui kwa nini, taa haisaidii kusikia. Dativa huja kila jioni kabla yetu. Unamkumbuka Dativa, yule muuguzi aliyefanya kazi na masista Waswidi kwenye hospitali ya misheni? Amestaafu sasa, amenenepa, ana maneno kama zamani. Anaingia, wanafunga mlango, baadaye Brigitha ananiambia walikuwa wanacheka. Ndipo ninaitwa na karatasi zangu.

Mama ameniomba mambo mawili nisikuandikie. Nimemwahidi, na mimi nikimwahidi Mama jambo ni jambo. Kwa hiyo siandiki. Nakuambia tu kwamba yapo.

Sura zako zimempendeza. Ile ya Della kuandika barua na kuichana kwa sababu hataki nyumbani wajue kwamba analia, alinifanya niirudie. Halafu akasema, "Huyu bibi ni mimi, na huyo msichana ni Leokadia. Anadhani sioni?" Nikamwambia ni hadithi tu. Akaniangalia hivi, unamjua anavyoangalia. Sasa swali lake kila jioni ni moja: Della anarudi lini?

Leokadia, mlete mtoto kama alivyo. Hapa hakuna anayesahihisha mtihani. Mimi mwenyewe ni mwalimu nakuambia, kuna siku za kufunga daftari.

Tuma sura zinazofuata, na utume upesi.

Cyprian


Tensta
2 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Huku ni mwanga tu, jua haliendi kulala, watu wamekaa nje kwenye nyasi kana kwamba wamelipiwa. Natumaini kwenu matope yamekauka.

Sikukuambia ukweli wote. Elise haendelei vizuri. Desemba iliyopita tulikuwa na sherehe ya Uhuru, Watanzania wote wa Stockholm, tulikodi ukumbi kule Skärholmen. Kulikuwa na pilau, muziki, wazee wameketi mbele. Nilikuwa nimemfundisha Elise wiki nzima. Akaenda mwenyewe, bila kusukumwa, mpaka kwa mzee Ephraim, akapiga goti moja vizuri kabisa, akasema kwa sauti ya kusikika: "Marahaba, babu."

Ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya, unajua watu wetu. Mzee Ephraim mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso, akamwambia, "Basi mimi ndiye nikuamkie, mama mkubwa? Shikamoo!" Watu wakazidi. Na mimi nilicheka, Kaka. Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria, nikacheka pamoja nao, na aliponigeukia aliona meno yangu.

Tangu siku ile hajatamka neno la Kiswahili. Nikimwambia njoo ule anajibu Kiswidi. Darasani kwangu amejitoa. Kwenye kiti chake sasa nimemkalisha Samir, mtoto wa Mkongo mmoja, ananijibu kila kitu.

Kwa hiyo Julai sitaweza. Nikimleta sasa najua itakavyokuwa. Mama atakaa angoje kuamkiwa, ndivyo ilivyo, mkubwa haanzi. Mtoto atanyamaza. Mama ataona ni dharau, mtoto ataona amechukiwa, nami nitasimama katikati na vyeti vyangu. Desemba. Krismasi tutakuwa hapo, nimeandika kwa wino.

Nimeambatanisha sura ya sita na ya saba. Iliyobaki imenikwama. Wachapaji wanataka Della arudi kwao na kila mtu afurahi, mimi sitaki arudi kirahisi.

Hayo mambo mawili sikuulizi.

Leokadia


Kamachumu
21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nitaandika kwa kifupi, mkono unauma.

Sura ya sita na ya saba tulizimaliza mapema mwezi huu. Nikangoja mzigo mwingine, haukuja. Jioni ya kwanza nilimwambia Mama tupumzike. Ya pili nikamwambia macho yangu yana mchanga. Ya tatu akasema, "Cyprian, hujui kusema uongo, tangu utoto. Della yuko wapi?" Basi nikashika karatasi zako za zamani, nikazitazama kana kwamba nasoma, nikaanza kutunga.

Nimempandisha treni, Leokadia. Nisamehe. Shangazi yake kule Chicago amemkatia tiketi, amemfungia kuku wa kukaanga kwenye karatasi, na Della yuko njiani anarudi nyumbani. Ningefanyaje? Mama alikaa kitandani akaegemea mto mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu Pentekoste. Akauliza amevaa nini. Nikasema gauni la kijani. Akauliza treni inasimama wapi na wapi. Mimi treni ninayoijua ni ile niliyopanda kwenda chuo Tabora, kwa hiyo Della sasa anauziwa asali dirishani.

Tatizo ni kwamba kumpandisha ni rahisi, kumshusha siwezi. Kumshusha ni kazi ya mwenye kitabu. Kwa hiyo kila jioni ninaichelewesha. Leo injini imekosa maji. Kesho nadhani kutakuwa na ng'ombe relini.

Brigitha amelitoa lile godoro dogo juani, Mama amesema ni la Elise. Desemba ni mbali. Sisemi zaidi ya hapo, nimeahidi. Desemba ni mbali.

Cyprian


Tensta
18 Agosti 2024

Kaka Cyprian,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimezidi kukasirika. Hiki ni kitabu changu. Nimekaa nacho jioni baada ya kazi, miguu inauma, nikichagua neno moja moja, na wewe umekigeuza masimulizi ya kumbembeleza mtoto alale. Asali ya Tabora! Wewe uliyekuwa unatukata alama kwa nukta.

Wengi wa hao waliokwenda kaskazini hawakurudi kwa wakati. Nimesoma habari zao mpaka macho yameniuma. Walirudi kwenye mazishi, wamevaa vizuri, hawajui wasimame wapi. Watoto wanahitaji kuambiwa ukweli. Nimeandika sura ya mwisho na ndiyo hii. Della anafika, Bibi Viola ameshazikwa, kiti cha barazani kiko kitupu. Ni sura nzuri kuliko zote nilizoandika. Msomee Mama kama ilivyo, usiongeze wala usipunguze.

Na uache kunisukuma kwa mafumbo. Desemba ni Desemba. Elise hayuko tayari.

Leokadia


Tensta
13 Oktoba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Tulifika salama. Ndege ya Mwanza ilichelewa, lakini ile kubwa tuliipata. Elise alilala njia nzima, kichwa kwenye bega langu, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kati yetu. Mwambie wifi kwamba vile vitenge alivyotufunga siku ya maziko ya Mama bado tunavyo, sijavifua.

Nilikaa nyumbani kwako wiki mbili na hatukuzungumza. Watu walikuwa wengi, kila saa mtu anaingia na pole yake, na kukupigia wewe kelele sikioni mbele ya waombolezaji nisingeweza. Lakini si hilo tu. Nilikuwa naogopa. Na wewe ulikuwa unanipita uani na ndoo yako kama una haraka ya kwenda mahali.

Brigitha aliponipigia simu asubuhi ile ya Septemba nilikuwa darasani. Kwenye ubao nilikuwa nimeandika salamu. Watoto walidhani nimesahau ninachofundisha.

Nilisimama pale kaburini, nimevaa vizuri, na sikujua nisimame wapi. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwa mkono wangu na nikalisifia. Elise alisimama nyuma ya mashangazi, hakusema neno, na watu wakasema mtoto ana uchungu. Hakuna aliyemngoja aamkie. Hakuna hata mmoja, Kaka. Walimshika tu, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, wakamwekea chakula. Miezi tisa nilimzuia mtoto huyo mlangoni kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiuliza.

Nina maswali mawili na safari hii nauliza. Ile sura ya mwisho ilifika kabla? Ulimsomea? Nilikuamuru, na wewe ukimwahidi mtu ni jambo. Nalala nalo, naamka nalo. Kama Mama alifariki akiwa amesikia kwamba bibi anakufa na mtoto hajafika, niambie, nijue ninachobeba.

Na yale mambo mawili yalikuwa nini?

Mdogo wako,
Leokadia


Kamachumu
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Leokadia,

Marahaba, mama. Sisi wazima, nyumba ni kubwa ghafla. Lile godoro dogo Brigitha hajalirudisha ghalani, na mimi sijamwambia.

Nilikupita uani na ndoo kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilikuwa na aibu. Vyote viwili havikai vizuri kwenye mtu mmoja, ndiyo maana nilikuwa nachota maji tusiyoyahitaji.

Nijibu moja moja. Sura yako ya mwisho ilifika Jumanne, Mama alifariki Ijumaa. Niliisoma peke yangu nyuma ya jiko. Ni nzuri, ulisema kweli. Nikaikunja nikaiweka kwenye kabati pamoja na kalamu nyekundu. Sikumsomea. Sikukuahidi, wewe uliniamuru, na mimi ni mkubwa wako.

Lakini usinishukuru. Jumanne ile, Jumatano, Alhamisi, nilikuwa bado nina treni yangu. Ilikuwa imebakiza stesheni moja. Mama alikuwa anasikiliza macho yamefungwa, anabana kidole changu kila nikinyamaza. Alhamisi aliniuliza, "Leo anashuka?" Nikamwambia kesho, Mama, daraja limejaa maji, wanangoja yapungue. Nilikuwa nafikiri hivi, na nakuandikia upuuzi wangu wote: nilidhani nikiichelewesha treni, Mama naye atangoja. Nilidhani hataondoka kabla ya Della kufika, kwa hiyo nikamzuia Della njiani mpaka Krismasi yako. Della bado yuko kwenye treni, Leokadia. Ningeweza kumshusha kwa sentensi moja. Nimefundisha kutunga sentensi maisha yangu yote.

Sasa yale mawili. La kwanza umeliona, ni moyo. Daktari alisema mapema, tangu Machi. Mama akasema usiandikiwe. Maneno yake: "Atakuja mbio kunizika ningali mzima. Aje kwa miguu yake." Mimi nikatii, na kila nikitaka kuvunja nilikuwa nakuandikia kwamba Desemba ni mbali. Ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

La pili lilikuwa la kukushtua kwa furaha, kwa hiyo ndilo limeniuma kuliko la kwanza. Ile barua yako ya Machi, uliposema Elise hawezi kuja mpaka ajue kuamkia, nilimsomea Mama. Akasema, "Kumbe wanazuiwa na salamu?" Kesho yake akamwita Dativa. Nilikuambia walikuwa wanafunga mlango wanacheka. Dativa alikuwa anakuja kumtazama moyo, ndiyo, lakini mlango walikuwa wanaufunga kwa sababu Mama alikuwa anajifunza Kiswidi.

Masista wale walimwachia Dativa maneno machache, ya wodini na ya kanisani. Mama alitaka sentensi moja tu. Alianza na ulimi mzito, akaikosea, Dativa anacheka, yeye anacheka, wanaanza upya. Nilimwambia, Mama, wewe ndiye bibi, mtoto ndiye anaamkia, ulitufundisha hivyo kwa fimbo. Akanijibu, "Yeye hajui. Mimi ni mtu mzima. Nitamwamkia mimi."

Nilipomsomea barua yako ya Juni, habari ya ule ukumbi, hakucheka. Alisema, "Mtoto aliamkia. Walishindwa kuitikia wao."

Nimemwomba Dativa aiandike ile sentensi hapa kwa mkono wake ili nisiiharibu. Ni hii: *Hej, Elise. Jag är din mormor. Välkommen hem.* Dativa anasema maana yake ni, hujambo Elise, mimi ni bibi yako mzaa mama, karibu nyumbani. Mama alikuwa anaisema kila jioni kabla sijaitwa na karatasi zangu. Alhamisi ile aliisema pia, kwa pumzi ndogo, na Dativa akasema haikuwa na kosa.

Kaka yako,
Cyprian


Tensta
8 Desemba 2024

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Giza limerudi, saa tisa mchana taa zote zinawaka. Tumeagiza tiketi, tunakuja Krismasi kama nilivyoandika kwa wino. Nimelikumbuka neno hilo "Krismasi" la barua yangu ya zamani na sikuweza kulipenda, lakini tunakuja. Tandikeni lile godoro.

Sura ya mwisho nimeiondoa kwa wachapaji, nikawaambia haifai. Wamenipa mpaka Februari. Safari ya treni iandike wewe, Kaka, na asali yake na ng'ombe wake relini, sitakugusia hata nukta. Mimi nitaandika pale anaposhuka. Bibi Viola atakuwa kituoni, atamwona Della kabla ya Della kumwona, na ataanza yeye. Wakiniuliza kama mambo yalikuwa hivyo kweli Alabama, nitawajibu kwamba bibi mmoja alikuwa tayari.

Barua yako niliificha siku kadhaa. Jana nikamwita Elise jikoni, nikamsomea, nikigeuza Kiswidi pale asipoelewa. Nilipofika kwenye ile sentensi sikuhitaji kugeuza. Niliisoma tu. Akaniambia niisome tena. Nikaisoma tena. Akaomba karatasi, akaishika mwenyewe, akafuata maandishi ya Dativa kwa kidole.

Akairudisha mezani. Nikadhani ndiyo basi, nikainuka kutazama sufuria. Ndipo nikamsikia nyuma yangu, polepole, kama mtu anayemjibu mwenzake aliye chumba cha pili:

"Marahaba, bibi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsahihisha, Kaka. Nikaufunga.

Mdogo wako,
Leokadia